Kaburi Lililoota Maharage

Cleophas aliulizwa swali dogo, ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza wa Ufipa angelijibu huku anapenga kamasi. Aliulizwa, "Mzee, yale kule mteremkoni ni makaburi?"

Aliyeuliza alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyevaa miwani myeusi siku ya ukungu. Alijiita Dairekta Clemens. Alikuwa ametoka msitu wa Mbizi na vijana wake wa kamera, ambako waliwasubiri mbega wekundu ili wawaingize kwenye filamu yao ya mandhari na wanyama wa Tanzania. Mbega, ambao wana akili zao, hawakutokea. Kabla ya hapo walikuwa wameshuka Ziwa Rukwa kushuti mamba. Wakamkuta mamba amelala, na mamba akaendelea kulala mpaka betri zikaisha. Sasa walikuwa wanarudi mjini na hasira zao. Walisimamisha gari kando ya barabara ya vumbi ili mmoja wao akajisaidie, na hapo ndipo Dairekta alipoona, ng'ambo ya kibonde, matuta ya mviringo yamepangwa kwenye mteremko, safu juu ya safu, kimya, ukungu umeyafunika kama shuka.

Zilikuwa intumba. Mvua zinapokaribia kuisha, wakati nyasi bado mbichi, mkulima wa Ufipa anakwatua nyasi pamoja na udongo wake, anazigeuza zitazame ndani, anazifukia na kujenga tuta la mviringo linalofika magotini. Juu yake anapanda maharage. Kiangazi chote nyasi zinaoza humo ndani. Mvua mpya zikija, tuta linabomolewa, udongo wake mweusi unatawanywa na ulezi unamwagwa. Hapo hakuna mbolea ya dukani, ni mgongo wa mtu tu. Na mgongo uliozijenga intumba zile ulikuwa wa Bertilla, mke wa Cleophas, ambaye wakati swali linaulizwa alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na mzigo wa kuni kichwani.

"Maana kama ni mashamba tu," Dairekta aliongeza, akishika mlango wa gari, "sisi hatuna shida na mashamba. Mashamba yako kila mahali."

Cleophas alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa, na kwa bahati mbaya kitongojini kwake hakuna aliyewahi kumwuliza kitu. Kwenye vikao alinyoosha mkono mpaka ukamwuma, mwenyekiti akawa anawaita waliokaa pembeni yake. Leo kijana mwenye gari amemwita mzee na kumtazama usoni, na mlango wa gari unataka kufungwa.

"Ndiyo," alisema. "Ni makaburi."

Mlango ukafunguka tena.

"Ya nani?"

"Ya Mwene. Mtawala mmoja wa zamani sana." Alimeza mate. "Yeye na askari wake. Walikufa wote siku moja."

Bertilla alidhani mumewe anatania. Aliendelea kudhani hivyo mpaka alipomwona yule kijana amevua kofia kichwani kwa mmoja wa wenzake na kumvisha Cleophas, akimpigapiga begani kama mtu anayempima ng'ombe wa mnada.

*

"Baba Salome, hebu niambie. Ni kaburi gani linaloota maharage?"

Walikuwa jikoni. Cleophas alikuwa amekaa kwenye kigoda na kofia yake mpya, ingawa humo ndani hakukuwa na jua wala mvua.

"Punguza sauti, mama Salome."

"Niipunguze ya nini? Juzi umekula kande ya maharage ya huko kaburini, ukaomba uongezewe. Ulikuwa unamla askari yupi?"

"Wewe huelewi mambo ya filamu."

"Nieleweshe."

Cleophas alimwelewesha. Wale vijana wangerudi Siku ya Marehemu Wote. Watu wa kitongoji wangewasha mishumaa kwenye matuta, na yeye Cleophas angesimama katikati kama mlinzi wa makaburi, kazi aliyorithi kwa baba yake. Kifuta jasho kidogo alikwisha kupewa, na kingine kingekuja. Mpaka hapo shamba lisiguswe hata kwa kidole, kwa sababu lokesheni ikishaguswa inaharibika.

"Baba yako alikuwa anachoma matofali," Bertilla alisema.

"Kwenye filamu alikuwa mlinzi."

"Na mvua zikianza?"

"Zitaanza tu. Nani amezizuia?"

Shamba walilobaki nalo lilikuwa hilo moja. Ulezi wa pale ndio uliokuwa ugali wa nyumba na uji wa watoto wawili waliobaki, na ndio aliopikia pombe Bertilla kila akiishiwa sabuni na chumvi. Intumba zisipobomolewa wakati mvua za kwanza zimezilainisha, magugu yanazivamia, udongo unashikamana, na mwaka mzima unapita watu wakiazima debe huku na huku. Cleophas aliyajua haya yote tangu angali tumboni kwa mama yake. Ila tangu avishwe kofia alianza kuyasahau, kama mtu aliyehamia mjini.

Usiku Bertilla alipiga magoti pembeni ya kitanda na rozari yake. Hakuomba mali, wala hakuomba wale vijana wapate ajali, ingawa wazo lilimpitia akalifukuza. Aliomba kitu kidogo. "Bwana," alisema, "mume wangu huyu mpe aibu. Kidogo tu, ya kumtosha."

*

Badala ya aibu alikuja mzee Vitus, mwenyekiti wa kitongoji, na utepe wa plastiki mwekundu na mweupe, ule wa kuzungushia mahali palipotokea ajali.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama Salome. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Huo utepe ni wa nini?"

"Wa kule makaburini kwenu."

Bertilla aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea. "Mwenyekiti, siku nazijenga zile intumba wewe ulikaa pale juu ya jiwe, unakunywa togwa yangu. Ukasema nimezipanga vizuri kuliko za mke wako."

"Nilisema."

"Kwa hiyo?"

Mzee Vitus alitazama pembeni. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomfanya awe mbaya zaidi. "Mama Salome, mimi mwenyewe najua ni intumba. Kitongoji kizima kinajua. Lakini kwa sasa, kiserikali, ni makaburi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itakapotangazwa vinginevyo." Akaenda zake kuzungusha utepe, akiupima kwa hatua, kwa heshima kubwa, na alipofika pembeni aliruka juu ya tuta asije akalikanyaga.

Basi habari ikatembea. Ilisemekana kila mwenye marehemu wake pale mteremkoni ataandikwa na kuonekana kwenye filamu, na kwamba atakayeonekana hatasahauliwa. Watu ambao hawakuwa na uwezo wa kumtaja babu wa pili wakamkumbuka wa tano, na babu huyo akawa askari. Gaudiosa, jirani aliyeuza dagaa kwenye soko la Majengo mjini na ambaye ukoo wake ulihamia juzi tu kutoka pwani ya Ziwa Tanganyika, alifika mlangoni kwa Bertilla akiwa na uso wa msiba.

"Dada, nasikia na babu yangu yumo."

"Babu yako si alizama ziwani?"

"Huyo mwingine." Gaudiosa alisita kidogo. "Safu ya tatu, kwenye kile kijiwe. Nimeota."

"Gaudi, kwenye kile kijiwe ulinisaidia wewe mwenyewe kufukia. Ulivunja mpini wangu."

"Ndiyo maana nimeota, dada. Alikuwa ananiambia nilimgonga."

Alisema bila kucheka. Mbaya zaidi, kesho yake alikuja mtu mwingine kudai kwamba kwenye kijiwe ni kwa shangazi yake, na yeye na Gaudiosa wakatukanana njiani mpaka wakaamuliwa. Waligombana juu ya nyasi zilizooza, wakaapa kwa jina la Mungu, Jumapili wakapokea komunyo.

*

Mvua ya kwanza iliwahi. Ilinyesha mwishoni mwa Oktoba, ya kishindo, na ilipokata harufu ya udongo ikaingia mpaka ndani ya nyumba. Bertilla aliamka kabla jogoo hajamaliza. Mtu aliyezaliwa Ufipa hawezi kulala kitandani na harufu ile. Alisali sala ya asubuhi, akachukua jembe, akapita chini ya utepe.

Alikuwa ameinua jembe juu ya tuta la kwanza aliposikia ukelele barabarani. Alikuwa Gaudiosa, anawahi gari la Majengo na ndoo yake ya dagaa.

"Jamaniii! Mtu makaburini! Ana jembe!"

"Gaudi, ni mimi."

"Anafukua! Anafukua!"

Watanzania wa mbali wakisikia jina la Sumbawanga huuliza wachawi wa huko wanauza radi bei gani. Wenyeji hucheka nao, kwa kuwa ni utani wa zamani, kisha hurudi majumbani na kutendeana ubaya uleule kama vile si utani. Watu walitoka na shuka zao mabegani. Walimzunguka mwanamke waliyemjua, kwenye shamba walilolijua, wakamwuliza anatafuta nini kwa wafu alfajiri yote hii. Neno lenyewe halikusemwa kwa sauti, lilipita midomoni nusunusu. Mama mmoja, ambaye Bertilla alimkandia mgongo alipojifungua, alimvuta mwanawe nyuma ya gauni.

Cleophas naye alikuwepo. Alisimama nyuma ya watu, kofia kichwani, akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake vilikuwa vya kuchomeka, havina kamba.

Mzee Vitus alichukua jembe kutoka mikononi mwa Bertilla. "Hili linabaki kwangu kama kielelezo," alisema. Akalibeba begani, na jioni ile mke wake akalimia bustani ya mboga.

Saa nne Dairekta Clemens, aliyekuwa ameshafika mjini kujiandaa na filamu, alikuja nyumbani kwa Bertilla kutoa pole. Alivua miwani, na bila miwani alionekana mtoto kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole kwa yaliyotokea. Mama yangu, vumilia kidogo. Mimi najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni intumba." Alitazama mlangoni, akateremsha sauti. "Bibi yangu mzaa baba ni wa Chanji, hapahapa Sumbawanga. Nikiwa mdogo, likizo tulikuwa tunakuja. Nimebomoa sana hizo. Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka nalia."

Bertilla alimkazia macho. "Kwa hiyo ulimwuliza mume wangu kitu unachokijua."

"Mimi niliuliza tu, mama. Yeye ndiye aliyejibu."

"Na ungeshuti hivyohivyo? Intumba, na watu wanabomoa, wanapanda?"

"Nani atalipa aangalie mtu analima?" Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mgeni njia. "Watu wa nje wanataka vitu viwili. Wanyama, au wafu. Wanyama wenu wamenikatalia."

*

Siku ya Marehemu Wote, baada ya misa ya kwanza, Bertilla alikwenda makaburi ya kigango peke yake. Kila mwaka siku hiyo pale panajaa majembe na mafyekeo, watu wanapalilia wafu wao, watoto wanakatazwa kuruka makaburi, katekista anapita na maji ya baraka. Leo hapakuwa na mtu. Nyasi zilikuwa zimefunika misalaba mpaka mabegani.

Salome alilala pembeni, karibu na mchongoma, tangu akiwa darasa la pili. Bertilla alipalilia kwa mikono, kwa kuwa jembe lake lilikuwa kielelezo. Alipomaliza akapapasa mfukoni, akakumbuka. Pakiti ya mishumaa aliyoinunua Majengo kwa ajili ya mtoto ilichukuliwa asubuhi na Cleophas. Alisema Dairekta amesema isiwe michache.

Alikaa pale chini. Kila siku ya Mungu yeye na mumewe waliitana kwa jina la mtoto huyu, baba Salome, mama Salome, mpaka jina likawa kama mlango wa nyumba ambao mtu anaupita bila kuuona. Alisali Baba Yetu, akafika kwenye mkate wetu wa kila siku, akakwama hapo. Akarudia, akakwama tena palepale. Basi akaelewa kwamba ameshajibiwa.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na kibanda cha vifaa. Ndani yake lilikaa jembe la kigango, zito, la kuchimbia makaburi. Bertilla alilichukua. Alipiga ishara ya msalaba kwanza, kwa kuwa lilikuwa mali ya kanisa.

*

Mteremkoni kitongoji kizima kilikuwa kimepangwa kama viti. Dairekta alikuwa amewavua watu makoti kwa sababu ni ya kisasa, na mabuti ya mpira kwa sababu yanang'aa, kwa hiyo walisimama peku kwenye tope la Novemba wakitetemeka. Mama mmoja aliambiwa avue kitenge cha WAWATA, umoja wa akina mama wa kanisa, kwa kuwa kina maandishi, akakivua mbele ya wakwe zake na kujifunga gunia. Hakuna aliyekataa. Kwenye kila tuta uliwaka mshumaa. Katikati alisimama Cleophas, blanketi begani, kofia amenyang'anywa, mkuki wa kuazima mkononi.

"Mlinzi, lia kidogo," Dairekta alimwambia.

"Nilieje?"

"Kama umefiwa."

Cleophas alikunja uso. Alionekana kama mtu aliyekula ndimu.

Katekista Modesti alishika kitabu cha sala. Kwa wiki nzima alikuwa amekataa, halafu akaahidiwa spika mpya ya kigango, ndipo dhamiri yake ikapata nafuu. "Raha ya milele uwape, ee Bwana," alianza, na watu wakaitikia kwa unyenyekevu, wakiwaombea nyasi.

Mzee Vitus alisogea mbele, akakohoa kuelekea kamera. "Natangaza rasmi," alisema, "kwamba eneo hili litabaki kama lilivyo mpaka Pasaka. Wageni wetu watarudi kushuti majani yakiwa ya kijani. Atakayegusa atashughulikiwa."

Mpaka Pasaka. Pasaka ulezi huwa umeshatoa vichwa. Bertilla alikuwa amefika kwenye utepe wakati maneno hayo yanasemwa. Hakuinama kupita chini yake safari hii. Aliukata kwa jembe.

"Mama Salome!" Mzee Vitus aliruka. "Kufukua kaburi ni jinai!"

"Waite polisi. Waje waandike kwamba nimefukua nyasi."

"Mlinzi!" Dairekta alinong'ona kwa nguvu, macho yanamng'aa, na mkono wake ukampungia mtu wa kamera asizime. "Mlinzi, mzuie! Nenda pale, mzuie!"

Cleophas alikwenda. Alisimama mbele ya tuta la kwanza na mkuki wake, miguu imejaa tope, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kila mtu alikuwa anamtazama.

"Mama Salome," alisema taratibu, "usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu nilikuombea mimi. Nilidhani Mungu amechelewa."

"Ondoka, nakuomba. Tutaongea nyumbani."

"Natoka kwa Salome," Bertilla alisema. "Hana hata mshumaa mmoja."

Cleophas alitazama tuta lililokuwa mbele yake, na mshumaa uliokuwa juu yake, nta inachuruzika kwenye mabua ya maharage. Akatazama tuta la pili, na la tatu, mteremko mzima unawaka. Midomo yake ilicheza kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Kisha akasogea pembeni. Hilo tu ndilo jema alilolifanya siku ile, wala lisikuzwe, maana kusogea pembeni ndiko alikokuwa amekuzoea.

Jembe la kigango lilishuka. Mshumaa ukaruka ukazimika. Tuta lilifunguka kwa urahisi, kwa kuwa lilijengwa na mtu aliyejua kujenga, na ndani yake mvuke ukapanda na harufu ile ambayo karibu kila aliyekuwa pale alilelewa nayo. Udongo ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu, una nyuzinyuzi za nyasi zilizooza, na nyungunyungu mnene aliyekerwa na mwanga akajikunja. Bertilla alichota kwa mikono miwili, akampelekea Katekista Modesti mpaka chini ya pua.

"Katekista, huyu umemwombea raha ya milele. Anaitwa nani?"

Modesti alifunga kitabu, akakiweka ndani ya shati, huku anaona haya na kusikitikia spika.

Watu walitazamana miguu. Huenda wangebaki hivyo mpaka jioni, kila mmoja akisubiri mwenzake ndiye aone, lakini Gaudiosa alishindwa. Mkono wake uliowahi kufukia pale ulimsaliti. Aliinama, akaokota bonge la udongo, akalisaga kati ya vidole, akalinusa.

"Jamani," alisema, na sauti yake ilijaa heshima ya kweli, "babu ameoza vizuri."

Kicheko kilianza upande wa akina mama, kikashuka mteremko mzima. Mzee Vitus alicheka, halafu akakumbuka cheo, akaacha. Kilikuwa kicheko kikubwa, lakini hakikuwa cha toba. Walicheka kama walivyosali, kwa sababu kuna mtu ameanza. Wakavaa mabuti yao, wakachukua makoti yao. Wakapita kwenye matuta wakikusanya vipande vya mishumaa, kila mtu mfukoni kwake, na hakuna aliyesema, mama Salome, tuazime jembe tukusaidie safu moja.

Dairekta Clemens alikuwa bado anashuti. "Usizime," alikuwa anamwambia kijana wake. "Usizime, hii ndiyo yenyewe."

Bertilla alibomoa mpaka giza likaingia. Mwishoni alisikia jembe jingine safu ya chini. Lilikuwa lile lililokuwa kielelezo. Cleophas alikuwa amekwenda kulidai kwa mke wa mwenyekiti, akatukanwa, akapewa. Kabla ya kuondoka Bertilla alimwona ameinama kwenye tope, anaokota kipande cha mshumaa kilichosahauliwa, anakifuta kwenye blanketi, anashika njia ya kigango.

*

Filamu ilitoka. Ilizunguka kwenye simu za watu wa mjini, na Gaudiosa aliileta kwa Bertilla akiwa amelipia bando mwenyewe. Walionekana mbega wekundu, waliopatikana sijui wapi. Alionekana mamba yule aliyelala. Halafu ukaja mteremko, mishumaa, ukungu, na Bertilla na jembe lake, na sauti nzito ya mwanamume ikaeleza kwamba kwenye nyanda hizi za juu zisizo na watu, mvua za kwanza zikinyesha, mjane hufukua kaburi la mumewe ili amuage.

"Mjane!" Gaudiosa alipiga paja. "Shemeji, njoo uone, umekufa!"

Cleophas alikuja, akainama juu ya simu. Aliiangalia mara ya kwanza, akaomba irudishwe. Alijitafuta kila pembe. Ulionekana mkuki, kushoto, ncha yake tu, kisha ukatoka.

Mwezi Januari, ulezi ukiwa umefika vifundoni, gari lilisimama barabarani. Vijana wengine, kamera nyingine. Cleophas na Bertilla walikuwa wamechuchumaa shambani, yeye upande wa juu, mkewe upande wa chini, wanang'oa magugu. Kijana mmoja alishuka, akaruka mfereji, akaja moja kwa moja kwa mwanamume.

"Shikamoo, mzee wangu. Samahani, tunauliza. Yale makaburi ya Mwene ndiyo hapa?"

Cleophas alisimama. Alijinyoosha mgongo taratibu, akasafisha koo, akapangusa mikono kwenye suruali. Kijana alimsubiri kwa adabu, amemwinamia kidogo. Upande wa chini Bertilla hakuinua uso, lakini mkono wake uliokuwa unang'oa ulisimama.

"Zilikuwa intumba," Cleophas alisema. "Sasa ni ulezi."

"Ulezi tu?"

"Ulezi."

Kijana alitazama mteremko wote ule wa kijani, akaona hakuna kitu. Akaaga, akarudi kwenye gari, mlango ukafungwa.

Mkono wa Bertilla ukaanza tena kung'oa.